Draiva Iliyosema Sawa

Jumatatu, 3 Machi

Meru. Mvua asubuhi, chai ya rangi, kisha draiva. Chipu ya bodi yetu ya saketi ikizimika inasahau kila kitu. Stima ikirudi, kompyuta inabidi iifundishe kazi upya, biti moja baada ya nyingine kupitia waya. Kufundisha huko ndiko kazi ya draiva yangu, programu inayokaa ndani kabisa ya kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta. Leo nimepandisha kasi ya waya. Bodi ya mezani sasa inaamka kabla sijaweka kikombe chini. Jioni nimeituma draiva hiyo kwa mteja wetu Timau ifanye kazi huko pia. Najisikia mtu.

Mama amepiga simu kutoka nyumbani Kanja. Amewaambia majirani kwamba naandika madereva. Wameuliza ni wa lori au wa trekta. Nimecheka, sikumsahihisha.

Jumatano, 5 Machi

Simu ya Muthomi. Ndiye fundi wa lile shamba la maua Timau ambalo bodi yetu hufungua na kufunga maji kwenye vitalu vyake. Stima ilipotea alfajiri, ikarudi. Kioo kidogo cha bodi kikaandika "Sawa". Kila mtu akaenda zake. Hakuna tone lililotoka mpaka jua likawa kali. Kitalu kizima cha miche ya waridi kimenyauka.

"Imeandika sawa, lakini maji hakuna," alisema. Akarudia, kana kwamba mimi ndiye kioo.

Neno hilo niliweka mimi. Muthomi aliomba ujumbe wa Kiswahili, nami nikaona nimefanya jambo la maana.

Bosi wetu, Mutwiri, alimwita Kendi, anayelehemu bodi zetu zote. Nilikuwa nimekaa papo hapo.

"Kompyuta inasema sawa, Kendi. So hii shida iko kwa solda yako."

Kendi alinitazama. Nikatazama skrini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungua msimbo kabla wengine hawajafika. Mstari wenye kosa uko pale pale.

Chipu ina pini moja inayopanda ikishaelewa ilichofundishwa. Draiva inapaswa kuingoja. Bodi ya kwanza ya majaribio haikuwa na waya wa pini hiyo, kwa hivyo niliiruka: maliza kutuma, rudisha sifuri, yaani hakuna kosa, andika Sawa. Ilikuwa iwe ya muda tu. Nikasahau. Draiva haijawahi kuiuliza chipu chochote. Inaongea, inamaliza, inajipongeza.

Na waya wa Timau ni mrefu kuliko wa mezani kwangu. Kwa kasi niliyopandisha Jumatatu, data inafika imevurugika. Kosa langu juu ya kosa langu. Solda ya Kendi haina neno.

Ningemwambia Mutwiri dakika aliyofika. Mlango wake ulikuwa wazi. Nilipita, nikaenda kununua ndizi.

Mchana Kendi ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Na anajua kuitwa kwenyewe huenda kusije. Alisafisha ncha ya chuma chake cha kulehemu kama kila siku, akachukua koti, akatoka. Mimi ni mwoga. Wacha niandike hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusema. Meza ya Kendi iko tupu mkabala na yangu.

Jumapili, 9 Machi

Kanja. Mama alitaka nitoe ushuhuda kanisani. Nilimwambia sina. Kumbe alikuwa ameshamwambia mchungaji.

Nikasimama na shati alilonipigia pasi. Nikamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yangu, kwa mitambo inayonywesha maua huko Timau. Nilitaja Timau. Hakuna aliyenilazimisha kuitaja. Watu wakaitika amina, na Mama akajifuta macho kwa leso. Niliporudi kukaa, benchi lote lilinipa mkono, hata mzee ambaye huwa hanisalimii. Nimejionea aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sahani ya githeri ya mchana ilinishinda kula.

Halafu jambo dogo. Nilimwambia Mama naondoka kesho mapema. Akaitika kutoka jikoni, "Sawa." Baadaye akaja na chai, akaniuliza, "Kwani unarudi kazi lini?" Hakuwa amesikia.

Sote husema hivyo huku. Sawa ni nimekusikia. Ni sijakusikia lakini endelea. Ni basi, tuyaache. Mara chache sana ni kwamba kitu kimefanyika. Na ndilo neno nililowapa watu wa Timau walitegemee.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Mutwiri. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea, nikamwonyesha mstari tu. Aliusoma pole pole.

"Ulijua lini?"

Alhamisi, nikasema. Akavua miwani. Nilitamani anifokee. Aliniambia nirekebishe draiva, kisha niipeleke Timau mimi mwenyewe na nimweleze msimamizi wa vitalu kwa mdomo wangu.

Nikajibu sawa. Nikarudi mezani kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Kasi nimeishusha. Draiva inangoja pini. Isipopanda, inajaribu upya. Ikishindwa kabisa inaandika: "Chipu haijaelewa. Usiondoke." Nimeling'oa neno sawa kila mahali lilipokuwa. Kazi ya asubuhi moja. Ningeifanya tangu mwanzo.

Jumatano, 12 Machi

Timau. Baridi ya kupasua midomo. Tulizima, tukawasha, maji yakatoka. Kisha nikachomoa waya makusudi, tukawasha tena. Kioo kikasema chipu haijaelewa. Muthomi alifurahia hilo kuliko maji yenyewe.

"Sasa angalau inaongea ukweli," alisema. Hakunikusudia mimi. Neno hilo lilinipata tu.

Msimamizi wa vitalu ni mama wa makamo. Nilimweleza: si stima, si bodi, ni mimi, na kuna dada ameondolewa kazini kwa ajili yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kwenye kitalu kilichonyauka. Wanawake walikuwa wanang'oa miche. Nikaingia kwenye mstari nikang'oa nao, mikono ikachanika kwa miiba. Haikurudisha hata mche mmoja. Hakuna aliyenishukuru, na ni haki yao.

Ijumaa, 14 Machi

Mutwiri amempigia Kendi simu, amemwomba radhi, amemwambia arudi Jumatatu. Mutwiri anasema Kendi hakukataa wala hakukubali.

Mimi nimemwandikia ujumbe. Kwamba ni draiva yangu. Kwamba nilijua kabla hajaambiwa aende nyumbani, na nikanyamaza, nikamwangalia akisafisha chuma chake. Kwamba pole yangu haitoshi. Nilifuta sehemu niliyoanza kujieleza.

Mama bado anahadithia ule ushuhuda. Nitamwambia nikifika. Atataka kujua kama ni lazima kanisa nalo lijue, na jibu ninalo: ni lazima.

Kendi amejibu wakati nikifunga ofisi. Neno moja. Sawa.

Nimelisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Sijui ni sawa gani, na sina pini ya kutazama. Nikarudi ndani, nikapanguza meza yake, nikafunika chuma chake cha kulehemu kisishike vumbi. Kisha nikafunga.