Mama, Kompyuta Imekusahihisha

Mama,

Nina hasira, na mtu ambaye ningemwambia ni wewe. Kwa hivyo nakuandikia hapa dukani Kitale, saa hii wateja wameenda kula, kwenye kompyuta ileile uliyokuwa ukiiita "ile terevisheni yako." Kama husomi, basi. Nitaandika tu.

Kompyuta imepata mfumo mpya. Juzi ilijizima yenyewe, ikazungukazunguka asubuhi nzima huku watu wamejaa mlangoni na vyeti vyao vya kutoa kopi, na ilipowaka ikanikaribisha utadhani nimehamia nyumba ya watu. Ikaanza kunionyesha vitu vipya ilivyoletewa. Sitakudanganya, Mama, ni vitu vya maana. Stima ikipotea, na unajua inavyopotea hapa Kitale, ikirudi naikuta kazi yangu pale nilipoiacha, hata kama sikuihifadhi. Mzee akija na picha ya barua aliyoipiga kwa simu, kompyuta inachomoa maneno kutoka kwenye picha, nami sichapi hata mstari mmoja. Kuna binti asiyesikia ambaye huja kutuma maombi ya kazi. Sasa mtu akiongea kwenye video, maneno yanajiandika chini na anasoma mwenyewe. Siku ya kwanza alipoona hivyo alicheka mpaka nami nikacheka. Hivyo vyote nimevikubali. Hasira yangu ni ya kitu kingine.

Ni kile cha sauti. Unaipa kompyuta sauti ya mtu, inakuandikia alichosema. Kwa Kiswahili, Mama! Nilipoona hivyo nilikufikiria wewe moja kwa moja, kwa sababu sauti zako zote ziko kwenye simu yangu. Watu wengine wanaandika ujumbe. Wewe ulikuwa unabonyeza na kuongea, umesimama katikati ya mahindi kule Ndalu, ukiniambia kuku ametaga, jirani ameuza ng'ombe, na mbona siji nyumbani. Tangu tukuzike sijaweza kuzisikiliza. Nikasema kama siwezi kukusikia, angalau nitakusoma. Halafu mwezi ujao ni ibada ya kumbukumbu yako, na mimi na Caleb tulikubaliana tutoe kijitabu chenye maneno yako mwenyewe, kila mgeni aende nacho kwake. Wazo lilikuwa la Caleb, kitinda mimba wako, huyo huyo wa shati la ofisi kule Bungoma. Naomba ulijue hilo mapema, usije ukadhani namchukia.

Kwanza kompyuta iliniuliza kama iondoe kelele. Nikakubali, nikidhani ni upepo. Ikaondoa kuku. Ikaondoa mvua kwenye mabati. Ikaondoa ule mguno wako, ule "mmh" unaoutoa kabla ya kusema jambo zito, na pumzi unayoivuta ukimaliza kupanda njia ya kutoka mtoni. Ikabaki sauti ya mwanamke fulani, mahali pasipo na kitu. Nilirudisha kelele zako haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Halafu ikaandika. Ulisema "umerara aje," ikaandika umelala. Ulisema "habali ya watoto," ikaandika habari. "Nitakuretea mboga" ikawa nitakuletea. Kila r yako na kila l yako iliokotwa ikapelekwa pale watu wengine wanapoitaka, bila hodi, bila hata kuniuliza mimi uliyenizaa. Kuna maneno mawili tu iliyoyaandika vile ulivyoyatamka. Ulisema Neema anunuliwe karamu mbili za shule, nayo ikaandika karamu, kana kwamba mjukuu wako anafanyiwa sherehe na si kupewa kalamu za kuandikia. Na uliposema umepata mahari pazuri pa kupanda vitunguu, ikaandika mahari, na mtu akisoma atadhani unahesabu ng'ombe wa posa. Nilicheka hapo. Kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka. Unaona, Mama? Mara mbili tu ilikuacha uongee vile unavyoongea, na ni kwa sababu haikukuelewa.

Mwishoni ikanipa muhtasari, na sikuwa nimeuomba. "Mzungumzaji anaulizia afya ya msikilizaji na anaomba arudishiwe sufuria." Mzungumzaji! Hiyo ni ile sauti ya asubuhi uliyoongea mpaka ukasahau ulichotaka, ukaimba kidogo, ukaniambia niache kujinyima chakula kwa ajili ya kodi ya duka, ukacheka peke yako, ndipo ukakumbuka sufuria. Sufuria ninayo. Sirudishi.

Nilimtumia Caleb kurasa za kompyuta, na pamoja nazo ukurasa mmoja niliouchapa mwenyewe, na kila neno lako likiwa vile ulivyolisema. Alinipigia hapo hapo.

"Lilian, hii ya mashine ndio tutumie. Iko safi."

Safi! Nikamuuliza ile yangu ni chafu?

"Si unajua watu wa ofisi yetu watakuja? Watacheka, bana. Ati 'umerara.' Sasa unataka wamcheke Mama akiwa kwa kaburi?"

Nikamwambia watu kama hao ndio walikucheka ukiwa hai, na hakuna aliyewaondolea kelele.

Unakumbuka siku ile kanisani ulipopewa kusoma matangazo ya akina mama? Mimi siisahau. Ulikuwa umefunga kitambaa kipya, umeyasoma yale matangazo nyumbani mpaka tukayajua hata sisi. Ukafika pale pa "tumwombe Mungu atulehemu," vijana wa kwaya wakaanza kusukumana, na mchungaji mwenyewe akaweka mkono mdomoni. Ulimaliza. Ukaketi. Na hukushika tena kipaza sauti maisha yako yote. Siku ya arusi yangu ulimwambia shangazi aongee kwa niaba yako, ukisema koo linakuuma. Koo halikuwa linakuuma, Mama.

Na kwako pia nina hasira, wacha niseme. Ungesimama tena. Nusu ya waliokucheka wanaongea hivyo hivyo wakiwa kwao Naitiri na Mabanga, tena wakiongea haraka ni wabaya kukushinda. Kiswahili hukuzaliwa nacho. Ulikijifunza ukiwa mtu mzima kwa ajili ya Baba, mtu wa Lodwar ambaye hakujua Kibukusu hata cha kuomba maji. Ulikitumia kumpenda, kugombana naye, kutulea sisi, kumuuguza na kumzika. Lugha uliyoifanyia kazi yote hiyo, nani alikuwa na haki ya kukuambia si yako? Lakini ulinyamaza, na sisi watoto tukajifunza kuona aibu. Caleb alijifunza vizuri kuliko mimi. Yeye hujisikiliza kwanza ndipo aongee. Nimemwona mbele ya mkubwa wake, anaitafuta kila l kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Nilimwambia hayo, na sikuyasema kwa upole. Nikamwambia anakuonea haya ukiwa umekufa. Hapo akapandwa na hasira.

"Wacha kiburi, Lilian! Usinihalibie kumbukumbu ya Mama!"

Usinihalibie.

Mama, ulikuwa wewe. Ni sauti ya mwanamume, lakini ulikuwa wewe kabisa, ukifukuza kuku wasiingie jikoni. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua naye amesikia. Akakata simu. Hajanipigia tena, na mimi sijampigia. Nampenda na ningemchapa kofi, yote mawili kwa pamoja, na wewe hauko wa kutuambia nani aanze kuomba msamaha. Hilo nalo linanikasirisha. Kila ugomvi wetu ulikuwa unaishia kwako.

Basi nimeamua hivi. Kijitabu nakichapa mwenyewe. Nasikiliza, nasimamisha, nachapa, narudisha nyuma. Ndiyo, sasa naweza kukusikia, hasira imenisaidia. Si kwamba silii. Mteja mmoja aliniuliza kama nimefiwa, nikamjibu ndiyo, akaniambia pole kana kwamba ni jana, nami nikaipokea.

Kuku nimewaacha. Kila wanapoingilia maneno yako naandika kwamba kuku wanalia. Mguno wako nauandika pia. Kompyuta haifurahi. Kila neno lako inalipigia mstari mwekundu, mpaka ukurasa umekuwa kama daftari la mtoto aliyeanguka mtihani. Lakini nimepata dawa yake. Unalibonyeza neno, unaiambia iliweke kwenye kamusi yake, na mstari unafutika. Likija tena, inaliacha lipite bila kusema kitu. Hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote ilivyo navyo, na wala si kipya. Kilikuwa humo miaka yote, sikuwa nimekihitaji. Nimeiwekea umerara. Nimeiwekea habali, na nitakuretea, na atulehemu. Nimeiwekea usinihalibie pia, hilo la Caleb, maana ni la kwenu.

Wateja wameanza kurudi, kuna mama amesimama hapa na picha za pasipoti. Wacha nimalize.

Pumzika, Mama. Huko hakuna wa kukusikiliza kwa kuvizia. Mimi nakuahidi jambo moja. Siku ya ibada sitamwachia shangazi. Nitakishika kile kipaza sauti mwenyewe, mbele ya kwaya, mbele ya mchungaji na wakubwa wa Caleb kutoka Bungoma, niyasome maneno yako vile ulivyoyasema. Caleb akitaka kuja kusimama nami, nafasi iko. Asipotaka, nitasimama peke yangu. Na mtu akicheka, sitakimbilia neno linalofuata. Nitamngoja acheke mpaka amalize, kisha nitalirudia lile lile, polepole, nikimwangalia.

Ni mimi mwanao,
Ririan