Sauti ya Chini kwenye Santuri ya Baba

Kilema,
Moshi.
15 Juni 2025

Mpendwa kaka Denis,

Shikamoo kaka. Habari za Hamburg, na shemeji na watoto hawajambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Sisi huku ni wazima. Juni imeingia na baridi yake, mlima hatujauona wiki nzima, na Baba analala na sweta mbili. Kikohozi kimemwacha. Machalari ya ndizi na nyama anamaliza bakuli na kuomba tena.

Mzigo wako ulifika salama, santuri ya bendi ya Baba iliyotolewa upya pamoja na mashine ya kuichezea. Asante. Nakushukuru mapema kwa sababu huko mbele sijui kama nitakuwa na adabu.

Maana nakuonea wivu, kaka, na safari hii sitaki kujifanya. Nyuma ya jalada wameandika shukrani kwa Denis Tesha, aliyehifadhi kumbukumbu za bendi ya baba yake. Ulihifadhi nini wewe? Ile picha ya zamani ya Baba na suruali yake pana, iliyo kwenye jalada, niliinakili mimi kwa simu nikakutumia, nimeilaza juu ya mkeka wa kuanikia kahawa, Doris mwanangu akinishikia mwavuli kuzuia jua. Jina langu halipo hata herufi moja. Majirani wanajaa sebuleni wakisema, "Denis amemkumbuka baba yake." Mimi ninayempikia uji kila asubuhi nawapitishia chai.

Basi nikaanza kutafuta kasoro. Jumapili moja baada ya misa nilipiga santuri ile ya zamani, ya mwaka 1976, kisha nikapiga yako, kwenye mashine hiyohiyo. Baba alikuwa kitini kwake, na jirani yetu Aminieli nilimwita awe shahidi. Nilitaka ya zamani ishinde. Ina ile milio ya mafuta ya kukaangia maandazi, na mimi nimeizoea. Yako ilianza na ukimya, nikadhani umeme umekatika. Kisha gitaa la Baba likatoka safi, unasikia hata kidole kikiteleza kwenye waya. Kweli hao watu wa kampuni wamezisafisha zile kanda za studio ya Nairobi. Aminieli akasema, "Hapa hakuna ubishi, mama Doris." Nilimchukia.

Unakumbuka ile ya zamani iliharibikaje. Nilikuwa na miaka tisa, gramafoni yetu ilikuwa mbovu siku nyingi, na panya walikuwa wametafuna jalada. Nikaona mahali salama ni darini jikoni, juu ya ndizi za pombe ya mbege zilizokuwa zinaivishwa kwa moshi. Nikaifunika vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Joto likaipinda. Wewe ulinicheka mpaka ukakaa chini.

Gramafoni ilipotengenezwa, kiitikio kikawa kinayumba, na sauti ya mwanamke iliyosikika ni moja tu, nyembamba, ya juu. Baba alishaniambia kwamba Mama anaimba humo. Nikaichukua hiyo kuwa sauti ya Mama, sikumuuliza mtu. Nimewabembelezea watoto wangu wote watatu kwa sauti hiyo. Nimeililia pia, mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa kwenye santuri yako, kiitikio kilipofika, ikaja sauti nyingine, nzito, imetulia, ambayo sijawahi kuisikia maishani. Baba akavua kofia. Akamtaja Mama kwa jina: "Dominika huyo." Ile sauti yangu nyembamba ilikuwa bado haijaingia. Ilipoingia, Baba akacheka: "Na huyo ni Mwantumu wa Njoro, kule mjini. Alikuwa na koo yule mama!" Mimi nikaenda jikoni, nikakaa huko mpaka Aminieli alipoaga.

Hapo ndipo wivu wangu ulipo. Si Ulaya, wala si jina lako kwenye jalada, ingawa nalo limeniuma. Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, sina hata chembe ya kumbukumbu yake. Wewe ulijua siku zote kwamba sauti yake ilikuwa nzito. Ulinisikia nikiimba ile ya juu na kujisifu kwamba naimba kama Mama, ukanyamaza. Nimekukasirikia wiki tatu. Ndiyo maana sipokei simu zako.

Umeomba nikutumie ile ya zamani uitundike ukutani. Siitumi. Imepinda na imekwaruzika, lakini nimekua nayo, na Mwantumu wa watu amenilea bila yeye kujua.

Baba anakusalimu sana. Shangazi Bernadetha anauliza Krismasi mnakuja au mnasema tu. Doris anakuamkia, na wadogo zake pia.

Jibu lako lisiwe la mambo ya santuri. Niandikie Mama alikuwa akiniitaje. Alisemaje aliponiita nije kula, aliimba nini aliponibeba mgongoni. Mungu akulinde, kaka, na akulindie kila kitu cha Mama ulichobaki nacho, mpaka utakaponigawia.

Mdogo wako anayekupenda na kukuonea wivu,

Theodora