Zile Chupa Nilizomtumia Tata

Goziba, Muleba
Jumapili mchana

Mawe, mama yangu mpendwa,

Shikamoo waitu. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na miguu haijavimba tena. Je, ile dawa ya kuchua uliyopewa inasaidia? Na kibanja kikoje? Ndugu yangu Mugisha aliniambia migomba ya upande wa chini imeangushwa na upepo, nikawaza utakavyokuwa unaizungukia peke yako asubuhi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, silali njaa. Moyo ndio haujakaa sawa, na huo ndio umenifanya nikuandikie.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Tangu nirudi huku kutoka kwenye msiba wa baba nimekupigia mara nyingi, na kila mara nilikuwa na neno la kukuambia. Nikisikia sauti yako nakuuliza habari za kuku. Juzi Mama Shamimu, yule mama wa Rwamishenye anayekuja kununua dagaa, alinikuta nimekaa nyuma ya kibanda changu cha vinywaji nalia. Nikamweleza yote. Akaniambia, "Kwenye simu utalia, utakata. Andika. Mimi nitampelekea mama yako mpaka Nyanga, nimpe mkononi mwake." Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuletea. Mpe chai kabla hajaondoka, ametoka mbali.

Habari za huku kisiwani si nyingi. Samaki wamekuwa wachache mwezi huu, na samaki wakikosekana hata soda hazinunuliwi. Wanaume wanakuja kibandani wanauliza bei, wanaishika chupa ya baridi kidogo, wanairudisha. Wenye nafasi wanataka vile vinywaji vya kuwafanya wakeshe wakiwa ziwani, vinavyofanya moyo udunde. Maji na malta vinatoka polepole. Friji ya sola iliharibika, nikakaa siku nne bila kuuza cha baridi, sasa imetengenezwa. Kuhusu kazi ni hayo tu.

Sasa nikuambie nililoshindwa kukuambia.

Unakumbuka siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokuwa tunatoa nguo za Tata ili zigawiwe. Shangazi Paskazia alilishika lile koti lake la kanisani, akatia mkono mfukoni, akatoa vidonge. Akatoa vingine, na vingine tena, mpaka vikajaa kiganja. Akavimwaga kwenye mkeka mbele ya watu wote akasema, "Velediana, dawa zote hizi! Ulikuwa unampa nini kaka yangu?" Wewe ulivitazama vile vidonge, ukasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nampa. Labda siku nyingine nilisahau."

Mawe, hukusahau. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, najua kwa nini vile vidonge vilikuwa mfukoni, na nilinyamaza. Niliwamiminia watu chai.

Nianze mwanzo. Baada ya Tata kuambiwa ana kisukari, wewe ulimwondolea pombe yake ya rubisi, ukamwondolea omuramba, ile juisi ya ndizi aliyoipenda kuliko hata rubisi yenyewe, ukaondoa sukari kwenye chai. Ulifanya kama daktari alivyosema. Yeye alikuwa ananipigia simu analalamika kama mtoto. "Mwana wange, mama yako ananimwagilia maji kama mche wa kahawa. Hivi nitakufa sijaonja tena kitu kitamu?" Mimi nacheka, lakini simu ikikatika naona huruma. Niko mbali, simpikii, simwoshei nguo. Nikasema nitafute angalau kitu cha kumfurahisha.

Siku hiyo nilikuwa naagiza mzigo wa kibanda kwa simu, kama ninavyofanya siku zote, nikakutana na tangazo. Chupa ya kijani, pembeni picha ya mzee anacheka. Wameandika: juisi asilia, haina sukari, inashusha sukari mwilini, tunapeleka popote Bukoba. Chini yake watu wamesifu wengi. Mmoja tu aliuliza, "Mbona nyuma ya chupa hamtuonyeshi?" Hakujibiwa. Niliyasoma maneno yale, Mawe, nikayapita.

Ninauza vinywaji mwaka wa nne sasa. Boksi likishuka kwenye boti nafungua, nageuza chupa, natazama tarehe, natazama kizibo kama kimeguswa. Wauzaji wakubwa wananiogopa kwa kurudisha vitu. Lakini zile chupa za Tata hazikupita mikononi mwangu. Nilimwandikia muuzaji, "Inafaa kwa mzee mwenye kisukari?" Akajibu papo hapo, "Inafaa sana dada. Wengine wameacha hata dawa." Nikafurahi, nikaagiza, nikamwelekeza njia ya kufika nyumbani.

Boksi lililetwa na bodaboda, ulilipokea wewe mwenyewe. Jioni ile Tata akanipigia. Nilimsikia anameza. Akasema, "Jasinta, hii tamu hivi, kweli haina sukari?"

"Ni utamu wa matunda, Tata."

Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Akasema, "Basi umeniokoa." Mawe, neno lile ndilo linaloniamsha.

Baada ya wiki kama mbili akapiga tena. Kibandani palikuwa na wateja wamesimama, boti mbili zilikuwa zimeingia pamoja. Akaniambia vile vidonge vinamvuruga tumbo. "Kwa kuwa nakunywa hii yako inayoshusha sukari, vidonge niendelee navyo?" Mimi nina chupa huku na chenji huku, nikamjibu, "Pumzika navyo kidogo Tata, tuone." Nilisema hivyo tu. Sikuuliza daktari, sikukuuliza wewe. Akasema, "Lakini usimwambie mama yako, atanigombeza." Nikacheka nikamwambia, "Simwambii." Nikakata simu, nikaendelea kuuza.

Kwa hiyo wewe kila asubuhi ulikuwa unamwekea kidonge kiganjani na bilauri ya maji, naye anasubiri ugeuke, kisha anakificha kwenye mfuko wa lile koti. Alikuwa ananitii mimi.

Kisha alianza kusikia kiu. Alikuomba chupa ya tatu kwa siku, ukanipigia kuniambia zinakwisha haraka. Nilituma boksi la pili, na nilituma kwa furaha, nikadhani amezipenda. Ukanipigia tena, ukasema anatoka nje kukojoa kila mara na suruali inamvuka kiunoni. Unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema, "Labda inamsafisha, Mawe." Wewe ulikuwa unaona kwa macho yako kwamba kuna kitu, mimi nikakutuliza. Ukaniamini kwa sababu mimi ndiye ninayejua mambo ya vinywaji.

Mugisha aliponipigia kwamba baba amepelekwa hospitali hajitambui, hapakuwa na boti. Nilikaa gatini siku mbili na mfuko wangu. Nilipofika Nyanga nikakuta mmeshamzika, udongo bado mbichi, nawe umekaa chini umeniangalia tu, hukulia. Ulisema, "Alikuwa anakuulizia." Sijui kama ulijua ulivyonichoma.

Siku ile ile Shangazi alipomwaga vidonge, niliingia chumbani kwa Tata. Chini ya kitanda ilibaki chupa moja haijafunguliwa. Nikaigeuza. Nyuma kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, ikabidi niende dirishani. Maji, sukari, ladha ya ukwaju, rangi. Sukari ilikuwa ya pili baada ya maji, Mawe. Tunda halimo hata moja. Niliifunga chupa ile kwenye kitenge changu, nikaondoka nayo bila kumwonyesha mtu.

Niliporudi huku nilimtafuta yule muuzaji. Nikamwandikia kwamba baba yangu amefariki. Akajibu, "Pole sana dada, sisi hatutengenezi, tunauza tu." Baada ya hapo akanifungia, simpati tena. Tangazo bado lipo, lina jina jingine, mzee ni yule yule anacheka.

Nikaja kumuuliza nesi aliyefika kisiwani kuchanja watoto. Nilimweleza kama ni habari za jirani. Akanitazama akajua. Akasema, "Siwezi kukuambia ni hizo chupa peke yake, baba yako alikuwa mgonjwa. Lakini kuacha dawa huku anakunywa sukari asubuhi na jioni, siwezi pia kukudanganya kwamba hakukuchangia." Nilimshukuru. Kumbe nilikuwa nimemwendea ili anidanganye.

Nimefanya kosa moja kwa kutojua, Mawe, nalo naliombea kila siku. La pili nililifanya najua. Nilikuacha ubebe lawama yangu mbele ya ndugu wa mume wako. Mugisha anasema hadi leo Shangazi akija hapo haketi karibu nawe, na wewe umeacha kwenda jumuiya. Amesema umeanza hata kujiuliza kama kweli ulikuwa unampa dawa. Hilo ndilo lililonishinda kulibeba.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Mwite Shangazi Paskazia, mwite Mugisha, waite na wale majirani waliokuwa kwenye mkeka siku ile. Mwambie Mugisha aisome barua hii kwa sauti, asiruke neno, hata pale niliposema "pumzika navyo". Akiona haya kunisomea aibu yangu, mwambie mimi dada yake ndiye niliyemtuma.

Nimesikia pia kwamba Mugisha anataka kuagiza kwa simu vinywaji vya kipaimara cha binti yake. Simkatazi, hata mimi bado naagiza, huku kisiwani sina njia nyingine. Lakini mwambie asiagize kwa kutazama picha ya tangazo tu. Amwombe muuzaji ampigie picha mgongo wa chupa, asome kilichomo na tarehe. Muuzaji akikataa au akikasirika, aachane naye. Aulize duka liko wapi, na aende akaliangalie, yeye yuko karibu na mjini. Asilipe mpaka boksi limefunguliwa mbele yake, aone vizibo vizima na alama ya ubora. Na lile neno "juisi" lisimdanganye. Kuna juisi ya matunda, kuna ya matunda iliyochanganywa na maji na sukari, na kuna maji ya rangi yenye ladha tu, na zote zinabandikwa picha ya chungwa. Kama kinywaji kinasema kinatibu, asikichukue hata kwa bure. Kwa wazee wenye sukari awawekee maji na chai isiyo na sukari. Wakinung'unika, awaache wanung'unike.

Hapa kibandani nimebandika karatasi, naandika kwa herufi kubwa kilichomo kwenye kila chupa. Wateja wananicheka. Wiki iliyopita mzee mmoja mshona nyavu, ambaye ana sukari na kidonda chake cha mguu hakijapona tangu mwaka jana, alitaka malta. Nilimnyima. Akanitukana sana, akasema fedha ni zake. Nikampa maji bure, nikaingia ndani nikalia, maana alikuwa amevaa kofia kama ya Tata.

Nisalimie Mugisha na mkewe Editha, nawapenda wote wawili. Binti yao mwambie shangazi yake anamwombea kipaimara chema. Msalimie katekista wetu, mwambie nahitaji misa moja kwa ajili ya marehemu. Shangazi Paskazia naye msalimie, nawe usimchukie. Alimpoteza kaka, akatafuta wa kumuuliza. Alikosea mtu tu.

Mama Shamimu atarudi huku baada ya siku chache. Nakuomba umpe jibu. Ukisema nije, nitafunga kibanda nije nikupigie magoti hapo uani mbele ya watu. Ukisema bado, nitakaa huku nisubiri mpaka utakapokuwa tayari, hata kama ni muda mrefu. Ukinigombeza nitapokea. Ila nakuomba, Mawe, kwa jinsi unavyotupenda, usiniambie kwamba haidhuru.

Mimi mwanao,
Jasinta