Makaa ya Mzee Komba

Jumatano, Mjimwema

Kosa ni langu pia. Ni mimi niliyemwambia Mzee Komba, mlinzi wetu wa mbuga ya utafiti, kwamba nyasi zikiungua huacha makaa yanayokaa udongoni miaka na miaka. Leo kakichoma kile kipande tulichokikinga na moto miaka sita, ili tukilinganishe na vinavyoungua.

"Nimekuongezea makaa, mwanangu," alisema, akitabasamu.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikachota vumbi jeusi pale palipoungua, nikammwagia kiganjani mbele ya mkewe. "Yaliyobaki ndiyo haya, mzee. Nyasi nyingine zote zimeenda na moshi. Umeua kazi ya miaka sita."

Akavua kofia.

Mkewe akanifungia kitoweo cha kwenda nacho, panya wa porini wa kukaanga, waliowanasa wakiukimbia moto huohuo. Nimewala wote. Watamu.