Msalaba Usio na Jina

Mjimwema, Songea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kabla hujaketi. Hujambo, na mgongo wako haujambo? Bibi anakula? Fidelis kikohozi kimemwacha, au bado anakoroma kama mtu mzima? Mimi ni mzima wa mwili. Baba yu hai. Naandika tena ingawa nilikwambia kwenye simu: baba yu hai, na leo asubuhi amekunywa uji bakuli zima.

Kwenye simu sikuweza kusema zaidi. Simu ya huko ni ya baba mdogo, nayo inasikika mpaka uani, na nyuma yako nilisikia watu wengi, wengine bado wanalia. Nikasema baba hajafa, ni makosa, nikakata. Kesho yake baba mdogo akanipigia akaniambia habari iliwakuta tangu mchana, na kwamba ulikuwa umeshanyoa nywele. Nimechana karatasi hizi katikati ya daftari langu la Jiografia ili nikueleze makosa hayo ni ya nani. Ni ya kwangu, mama.

Uliponituma nije kumuuguza, nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne wiki ile ile, begi la shule hata sijalifungua. Nilidhani kiharusi ni ugonjwa wa wiki mbili. Nilimkuta wodini upande wote wa kulia umelala. Ule mkono ulioandika vibao vya maduka ya mji huu na kuchora watakatifu ukutani kanisani ulikuwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine alichokisahau. Maneno yake yanatoka mazito, kama ana ugali mdomoni. Mtaalamu wa mazoezi aliniita nje akasema baba anatakiwa anyooshwe viungo mara tatu kwa wiki, na miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Mkono ukiachwa utajikunja. "Na ukishajikunja, binti, haunyooki tena," akasema. Kila zoezi linalipiwa. Bima hana, na akiba yake ya kazi ya mwisho ilikwisha kwenye dawa za presha.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari la mchango. Unanijua. Mimi ndiye uliyekuwa ukinituma chumvi kwa jirani nikarudi mikono mitupu, kwa sababu nilifika mlangoni nikashindwa kubisha hodi. Huku nilibisha. Wengine walisema, "Pole mwanangu, tunamwombea." Wengine, "Mwisho wa mwezi upite kwanza." Mwenye duka la mabati alinionyesha kibao chake juu ya mlango, akasema, "Hiki aliandika baba yako. Mwambie akipona aje aongeze rangi, imefifia." Sidhani alikuwa ananidhihaki. Nadhani alikuwa anampa kazi.

Mama Gaudensia, kiongozi wa jumuiya yetu hapa, alinieleza bila kuzunguka. "Resti, sisi tuna utaratibu. Harusi, kila nyumba inajua kiasi chake. Msiba, kila nyumba inajua, na unga, na kuni. Mgonjwa tunamtembelea, tunasali, na kila mtu anaacha alivyoguswa." Walikuja wodini wakasali vizuri sana. Waliguswa kidogo.

Yeye ndiye aliyenishauri nitoe tangazo lenye picha ya baba, libandikwe mitaani na lirushwe kwenye makundi ya simu. Nikaenda kwa Oswini, kijana mwenye kibanda cha kuchapisha karibu na stendi. Nilimpa picha ile baba aliyovaa suti siku ya kipaimara changu. Kazi kubwa ya Oswini ni ratiba za mazishi na kadi za shukrani za wafiwa. Aliponigeuzia kompyuta, baba alikuwa ndani ya fremu nyeusi, na pembeni kuna mshumaa unawaka. Chini imeandikwa "Mchango kwa ajili ya Mzee Evodi, Mchoraji."

"Imetoka, eh?" akasema Oswini. "Na sikutozi. Kibao changu hiki mzee alinichorea bure."

Niliona mshumaa, mama. Niliona na fremu. Maneno yalifika hapa kwenye meno. Nikasema, "Asante, kaka."

Jioni ile ile tangazo likabandikwa na kurushwa kwenye makundi. Kesho yake asubuhi nilirudi kutoka wodini kumpikia uji. Sufuria haijachemka, nikasikia kilio uani. Nilipofungua mlango walikuwa wanawake, wamejifunga kanga viunoni, mmoja ameshajigaragaza chini. Mama nisiyemjua alinishika mabega akasema, "Baba yako aliandika msalaba wa mwanangu. Hakunitoza hata senti." Nyuma yake mwingine akasema, "Na wa mume wangu." Unajua baba alivyo, kibao cha duka atabishana bei mpaka jua lizame, lakini msalaba wa kaburi hamtozi mfiwa. Sikujua amewaandikia wengi hivyo. Wakaanza kunitia noti mkononi, Mama Gaudensia akiwamo, mkono ukijaa wananitia kwenye mfuko wa aproni.

Nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu kwa wiki tatu hakuna aliyekuwa amenishika mabega. Wao wakaona mtoto anamlilia baba yake. Nilifungua mdomo niwaambie. Lakini kichwani nikawa nahesabu: hii ni zoezi la Jumatatu, hii la Jumatano, hii la Ijumaa. Nikafunga mdomo. Nikachukua daftari lile lile nikaandika majina yao, mpaka saa sita mchana. Mmoja wao ana ndugu Mbinga, na ndiye aliyepiga simu ikafika kwenu.

Ningeendelea kunyamaza mpaka lini, sijui. Aliyenifungua mdomo ni fundi seremala Kasiani, yule rafiki wa baba anayechonga majeneza. Alikuja anasukuma baiskeli, nyuma amefunga msalaba wa mninga, mpya kabisa, bado unanukia maranda. Akauegemeza ukutani karibu na mlango. Ulikuwa mtupu.

"Jina sijaandika, Resti," akasema. "Nani aandike? Misalaba yangu yote anaandika yeye." Akageukia ukuta akajifuta uso kwa kofia.

Hapo nikasema, "Baba hajafa." Kwa sauti yangu hii, aliyesikia ni Kasiani peke yake.

"Sema tena."

"Hajafa, fundi. Yuko wodini. Anasubiri uji." Na uji wenyewe ulikuwa umeshaungua zamani.

Alinitazama, akautazama msalaba, akanitazama tena. Kisha akawageukia wale wanawake na kusema kwa sauti kubwa, kwa niaba yangu, "Jamani, Evodi yu hai." Yule aliyekuwa amejigaragaza akainuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Na mimi nimefunga genge." Mmoja akacheka. Wengine hawakucheka.

Msalaba Kasiani hakuondoka nao. Alisema msalaba ukishachongewa mtu na kutajwa jina lake haupewi mwingine, na yeye hawezi kukaa nao karakanani ukimtazama. Nikauficha nyuma ya mlango.

Ijumaa hospitali walituruhusu. Nilimleta baba kwa bajaji, mimi na dereva tukamwingiza ndani, na kitu cha kwanza kuona alipoketi kitandani kikawa msalaba.

"Wa nani?" akauliza.

Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aligeukia ukutani. Alikataa kula, alikataa kunyooshwa mkono. Usiku ule nilisikiliza kama anapumua. Niliwaza kwamba mara ya kwanza nilimuua kwenye karatasi, na sasa namuua kweli.

Jumamosi jumuiya ikasali kwetu uani, na baba yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. Walipomaliza kusali Mama Gaudensia akaniita katikati. Mama, sijawahi kusimama mbele ya watu tangu ile siku nilipopewa kusoma somo kanisani nikakimbia.

"Resti, nataka nikuulize mbele ya wote. Nilipokutia hela mkononi, ulijua baba yako yu hai?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua."

"Nilijua. Naomba mnisamehe. Hela ipo yote, na majina yapo." Nikaweka daftari na ule mfuko juu ya mkeka.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema rambirambi ni ya msiba na msiba haupo, basi irudi. Mzee mmoja akasema, "Mimi yangu nilimpa marehemu. Marehemu akifufuka, si kazi yangu kumdai." Watu wakacheka, hata Mama Gaudensia alifunika mdomo. Lakini alisoma majina moja moja, na wengi wakaja kuchukua. Siwalaumu. Juzi yake palikuwa na msiba wa kweli nyumba ya nne kutoka kwetu, na pale napo kila nyumba inajua kiasi chake. Yule mama wa msalaba wa mwanawe alikuja mkekani, akaishika hela yake kidogo, akairudisha. Waliofanya kama yeye ni wachache. Kilichobaki kinatosha mazoezi ya wiki mbili na dawa. Baada ya hapo sijui, mama. Nimewaza mpaka nimefika mwisho wa kuwaza.

Jumapili nilipotoka misa nilimkuta baba ameketi mwenyewe, ameegemea ukuta. Akaniambia, "Rangi." Nikadhani sijasikia vizuri. Akaonyesha msalaba kwa mkono wa kushoto. "Niletee."

Nilimwekea msalaba mapajani, nikamfungulia kopo la rangi nyeusi, nikamshikisha brashi mkono wa kushoto. Uliponyanyuka ulitetemeka hata nikataka kumshika, akanisukuma kwa kiwiko. Jina lake lina herufi tano tu, na lilimchukua asubuhi yote. Herufi zimelewa, kila moja inaelekea kwake. E ilimtoa jasho. Mtu aliyeandika nusu ya mji huu kwa mstari ulionyooka bila rula, nilimwona anauma mdomo kama Fidelis siku alipoanza chekechea. Chini ya jina akaandika "Alizaliwa", na mwaka wake.

Nilijua neno linalofuata kwenye misalaba yote. Nilikaa naogopa. Akachovya brashi, akapatazama pale chini kwa muda mrefu. Kisha akanipa brashi nikaioshe.

"Hapo paache," akasema.

Nilipotoka kuiosha, nilimkuta ameuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, ameutandaza juu ya goti. "Haya," akasema. "Nyoosha."

Tunanyoosha kila asubuhi na jioni, kama nilivyofundishwa kule hospitali. Jana kidole gumba kilitikisika, au nilikitikisa mimi, sijui. Yeye anasema kilitikisika.

Sasa sikiliza ombi langu. Shamba la ngolo, lile letu la mashimo kule mlimani, usiliuze kwa ajili ya matibabu, hata baba mdogo akikwambia mteja ameshapatikana. Baba naye amesema hivyo, nimemwelewa vizuri kabisa. Ila nakuomba uje mwenyewe, mama. Mazoezi naweza, dawa naweza, hata kubisha hodi sasa naweza. Kumwogesha siwezi, naye hawezi kukubali, mimi ni binti yake. Fundi Kasiani huja jioni akifunga karakana, anamwogesha, anamtania kwamba ndiye maiti wa kwanza aliyewahi kumlalamikia maji ya baridi. Siku asipokuja, baba analala hivyo hivyo na kutazama ukuta. Mwachie shangazi bibi na Fidelis kwa mwezi mmoja. Mkono haujajikunja bado. Mtaalamu ameupima juzi, amesema bado tuna nafasi, lakini si kubwa.

Barua hii nitampa dereva wa basi la asubuhi, ataiacha kwa mwenye duka la njiapanda. Bibi umpe shikamoo yangu na umwambie mwanawe anamuulizia. Fidelis mwambie baba sasa anaandika vibaya kuliko yeye. Baba mdogo nampa shikamoo na namwomba radhi kwa safari ya mazishi aliyoanza kuiandaa. Katekista naye, kwa kengele ya msiba aliyoigonga bure. Mwambie asione haya, mimi ndiye nione haya.

Baba nimemwambia kwamba ulinyoa. Alicheka upande mmoja wa uso, kisha upande huo huo ukalia. Anasema usisubiri nywele ziote. Uje hivyo hivyo, anataka kukuona.

Ni mimi mwanao, niliyeona mshumaa nikanyamaza,

Restituta