Masuke Hayajui Likizo

Dukani kwa fundi, chumba cha nyuma,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Bosi, mke wangu,

Nianze na afya yako, maana mengine yote yanasimama hapo. Kifua kimeachia? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu sikukipenda, na uliponijibu kwamba ni vumbi la shambani tu, ndipo nikazidi kutokipenda. Unakula, au unabugia chai na kukimbilia mtama wako? Huku sote wazima. Mimi tu nina mafua, na hayaondoki kwa kuwa sina wa kumdekea.

Usishangae kupata karatasi wakati simu ipo. Nikisikia sauti yako nakubali kila kitu, halafu nikikata najiuliza nimekubali nini. Mwenzako wa darasani aliyekuja likizo anarudi huko keshokutwa. Alileta suruali ipunguzwe, nikamwambia haondoki bila mzigo wangu. Nimempunguzia bure, kwa hiyo akikwambia barua imepotea njiani, usimwamini.

Mwanao Bosi ni yule yule, amri juu ya amri. Siku hizi anafunga vifungo mwenyewe, ila anaanzia chini, na akifika shingoni kinabaki kimoja hakina mwenzake. Ukitaka kumsaidia anakukata jicho. Mama yako anasema huyo ni wewe mtupu.

Mama mwenyewe hajambo, isipokuwa miguu. Lile gugu, kiduha, limevamia shamba lake tena. Maua ya zambarau kila upande, na mtama umedumaa kama haujaonja maji tangu uote. Anang'oa, linaota. Majirani wakimpa pole anawajibu, "Mwanangu analishughulikia." Anavyolisema hilo, utadhani umekwenda kulifungulia kesi.

Nimekununulia kitambaa cha kijani, kile kijani kisichopiga kelele. Sijakikata. Vipimo vyako navijua kwa kichwa. Hata ukiniamsha usingizini nitakutajia bega, kiuno na urefu wa mkono. Lakini katika ile picha uliyotuma, umesimama katikati ya mtama, koti jeupe linaning'inia mabegani utadhani liko kwenye msumari. Nimeikuza picha mpaka ikawa madoadoa, nikitafuta kiuno kilipo. Jipime, mama, uniandikie. Inaniuma mimi fundi kutojua vipimo vya mke wangu.

Nimekukumbuka, na sitalipamba neno hilo. Mchana kazi inanisahaulisha, lakini cherehani ikinyamaza tu, roho inaniuma. Upande wako wa kitanda Bosi ameuteka, na miguu yake anaiweka mbavuni mwangu. Pamoja na hayo kitanda kimebaki kikubwa, na bado asubuhi nakuta nimekuachia nafasi.

Basi nisizidi kuzunguka. Uliniuliza kuhusu tiketi. Nimeelewa hivi: wafadhili wanaokusomesha wewe na wenzako kutoka nchi kama yetu wanalipa ada, wanalipa chumba, na wanatoa tiketi moja ya kuja kusalimia nyumbani, mbali na ile ya kurudi moja kwa moja ukimaliza mwakani. Tiketi hiyo isipotumika Agosti imekufa. Na Agosti ndipo mtama wako unapochanua. Ndipo inabidi ukae na kikoleo ukitoa ile sehemu ya dume kwenye kila kiua, ulifunike suke kwa mfuko, kisha asubuhi uliletee chavua ya ule mtama mwingine usiotishwa na kiduha. Ukizikosa siku hizo, msimu umekwenda, na masomo hayaongezwi muda. Halafu ukaniambia, "Baba Bosi, sema wewe. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya."

Mke wangu, huo si uungwana. Mzigo wa watu wawili umenitwisha peke yangu. Na mifuko yenyewe ya kufunikia masuke nilikushonea mimi kabla hujaondoka, nikiimba, bila kujua kwamba nashona kitu cha kukuzuia huko.

Jibu langu la kwanza lilikuwa njoo. Halikunichukua hata dakika. Nilishapaka chumba rangi, na nikamwambia Bosi kwamba mama anakuja, kosa ambalo mtu mzima hafanyi.

Wiki iliyopita akaingia mteja, mwanamke mrefu kama wewe, akasimama ametupa kisogo akichagua vifungo. Bosi akamshika mkono. "Twende ndani, baba amepaka rangi." Mama wa watu akageuka, akacheka. Bosi akamkagua toka juu mpaka chini, kisha akanigeukia mimi.

"Baba, ndiye huyu?"

"Siye, mwanangu."

"Haya. Tungoje mwingine."

Akarudi kwenye vitambaa vyake kucheza. Mimi nikashindwa hata kumpima yule mteja. Nilimwomba aje kesho.

Jioni ile nilikwenda kwa mama yako nikiwa nimeshaamua. Nilimkuta shambani, ameinama. Nikamwambia unakuja Agosti, na mtama utasubiri. Akaendelea kung'oa. Baadaye akasema, "Mimi namtaka kuliko wewe, baba. Mimi ndiye niliyemzaa." Alinyoosha mgongo kwa shida, akautazama mstari uliobaki, akainama tena. Nilikunja suruali nikaingia kumsaidia, na tuling'oa mpaka giza, huku nikijua kesho litaota tena.

Kwa hiyo, mke wangu, baki. Baki na masuke yako. Mwakani utakuja na mbegu mkononi. Bosi atakuwa ametimiza miaka minne, naye atakukagua kama alivyomkagua yule mteja. Usiumie. Mwache akuzoee polepole, mimi nitakuwa pembeni. Kwamba huji sasa, nitamwambia mwenyewe, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Mama yako anakusalimu, na anasema kwa kikohozi hicho ufunike shingo. Shangazi yako anakusalimu, pia anauliza kama huko kuna mchumba wa binti yake, awe na shamba au asiwe nalo. Kinyozi jirani anakusalimu, bado anazinyoa nywele za watu upande mmoja na kuita mtindo. Bosi hakusalimu, anasema atakusalimu ukifika. Wasalimie wenzako wote, na yule mwalimu wenu mkali mwambie huku kuna watu wanakutegemea, asikuchoshe bure.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na asubuhi ya kazi hiyo aitulize mikono yako.

Nimelisoma upya neno baki nililoliandika hapo juu, na sikulifuta. Ila ujue nani amelisema. Amelisema baba wa Bosi, akaungwa mkono na mkwe wa mama yako. Mumeo hakuulizwa, na nakuomba na wewe usimuulize.

Wako akupendaye, na chumba chake kilichopakwa rangi,

Fundi.