Ngozi ya Mkono wa Somoe

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimekoroga tena utomvu wa mpira na masizi ya koroboi. Karakana yote ya hospitali inanuka. Safari hii ngozi imetoka nyembamba. Nimeivisha mkono wa mbao wa dada yangu Somoe. Wake ulikatwa na mashine kiwandani. Ngozi ikibonyezwa, umeme wa betri unapita, kidude nilichomfunga begani kinatetemeka. Akivuta kamba vidole vibane zaidi, kinatetemeka zaidi. Mkuu wa karakana anasema tutengeneze magongo, watu wanasubiri. Nimeendelea kukoroga.

Jumatano, 6 Machi
Somoe kaja na mtoto wake mchanga. Hajawahi kumwogesha, mama mkwe wake ndiye huogesha. Tumeujaribu mkono kwa mayai. La kwanza lilipasuka. La pili alilishika, akaliweka mezani zima. Akacheka. Sijamwona akicheka tangu ajali.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua. Foleni ya sembe, kisha Temeke kwa Somoe. Kila anachokishika anakigusa mara mbili. Kikombe, sufuria, shavu langu. Kasema kesho atamwogesha mtoto mwenyewe. Nimeikagua ngozi. Nzima. Nimefurahi, na naogopa.

Jumanne, 12 Machi
Shemeji, mume wa Somoe, kanifuata kazini. Hakutaka kuketi. Ngozi ilipasuka kwenye kidole gumba, Somoe akiwa anamwogesha mtoto. Kidude cha begani hakikutetemeka. Akadhani hajamkamata, anamponyoka. Akabana. Mkono wa mtoto umevunjika.


Alhamisi, 14 Machi
Mtoto kafungwa plasta. Mama mkwe hataki Somoe amguse. Somoe kanirudishia mkono, kauviringisha kwenye kanga.
"Nitatengeneza ngozi nyingine, ngumu zaidi," nilimwambia.
"Tengeneza, kaka. Ila mie usinivalishe tena."
Mkuu kaagiza nirudi kwenye magongo. Nimerudi. Najiona bure kabisa.

Jumapili, 17 Machi
Temeke, asubuhi. Nilimkuta Somoe jamvini, mtoto analia mapajani mwa mama mkwe. Bibi kachoka, hajalala. Mwishowe akamsogezea Somoe mtoto, bila kumtazama.
Somoe akakunja mkono wa gauni. Kigutu chake hakionyeshi kwa mtu, hata kwangu. Akakipitisha chini ya shingo ya mtoto, taratibu, kitupu.
"Ana homa kidogo," akasema.
Bibi akamgusa mtoto. Kweli. Akaenda kuleta maji.
Mtoto akanyamaza. Nikakaa nao mpaka mvua ikakatika.